Kimya cha Saida

Mgeni alibisha hodi huku mguu mmoja ukiwa umeshaingia ndani. Alikuwa mzee wa kanzu nyeupe, amejifukiza udi mpaka nzi wa korido nzima wakahama. Nyuma yake alikuja Kassimu, baba mdogo wa Saida na mwenye nyumba yetu hapa Chikongola, ambaye kwa kawaida hutukumbuka bomba likipasuka kwake.

"Huyu ni Mzee Idrisa wa Kitaya," Kassimu alisema. "Saida, zima cherehani. Heri imekuja."

Cherehani ya Saida ni ya kukanyaga. Haizimwi. Angemjibu hivyo mwenyewe, tena kwa sauti, kama wangemwambia jana kwamba wanakuja. Saida ana miaka thelathini na mbili, anashona nguo za nusu ya mtaa, na mambo ya ghafla humkatia sauti kama umeme unavyokatika: taa zote, bila kuaga. Tangu utotoni ameita hali hiyo kukatika. Jina lake la hospitali, usonji, alilipata akiwa mtu mzima, akalipokea kama mtu aliyeletewa miwani. Kassimu alilipokea kwa kicheko.

"Usonji ni wa watoto wa kwenye televisheni," alisema siku ile. "Huyu ana kiburi cha marehemu mama yake."

Mzee Idrisa akaketi kitandani, maana chumba chetu hakina kiti cha wageni. Hakuuliza kwa nini kitanda ni kimoja. Watu huona walichokuja kukitafuta.

Mimi ni Gladness, nafundisha biolojia sekondari. Mtaani najulikana kama mwalimu wa bara anayechangia chumba na Saida. Maneno hayo tuliyatunga sisi wenyewe, na mtaa ukaridhika nayo. Ukweli ni kwamba tunapendana, na kitanda kile tulikichagua pamoja.

"Bwana aliyenituma ni mgane," mzee alianza, nami nikammiminia chai. "Ana mikorosho mpaka macho yachoke. Amechoshwa na wanawake wenye midomo. Akasikia kuna binti hapa mpole, hazururi, haongei hovyo."

"Haongei kabisa!" Kassimu alidakia, kama anayeuza baiskeli isiyopiga kelele. "Mfokee, kimya. Msifu, kimya. Nani ana mke wa hivyo?"

"Wangu hata usingizini anabishana."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka. Kisha mzee akajikohoza, akamgeukia Saida. "Binti, bwana wa Kitaya amekuposa. Umeridhia?"

Mguu wa Saida ukasimama kwenye kanyagio. Akauangalia uzi. Vidole vyake vikaanza kupigapiga goti.

"Haya," mzee alisema kwa furaha. "Mwali akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Kassimu, wewe ndiye walii wake. Umeona?"

"Nimeona. Alhamdulillahi."

Desturi hiyo nilielezwa na Saida mwenyewe, naye anaiheshimu. Iliwekwa kumsitiri binti mwenye haya, asilazimike kutamka ndiyo mbele ya wanaume. Waheshimiwa hawa walikuwa wamempata mtu ambaye kimya chake si haya wala ndiyo, wakaona wamerahisishiwa kazi. Ni kama kumbishia hodi mtu aliyefungwa mdomo, kisha ukaingia ukisema amekukaribisha.

Saida akachomoa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi, akaisogeza mezani mpaka mbele yangu.

Hiyo ilikuwa ishara yetu. Tuliipanga baada ya harusi moja ya Mahurunga, ambako alikatika na shangazi wanne wakamkumbatia kwa zamu ili apone. "Nikikatika, sema hapana badala yangu," aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Lakini usiwaambie naumwa. Mama alisema naumwa, na tangu hapo hakuna aliyeniuliza chochote." Nikamwahidi.

"Hapana," nilisema. "Saida hataki."

Wakageuka kana kwamba kabati limesema.

"Mwalimu," Kassimu alisema, "haya ni ya familia. Kasahihishe madaftari."

Mzee Idrisa akainua mkono kumtuliza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Mwanangu mwalimu, kama binti ana maradhi ya kichwa, nong'ona tu. Bwana hataki mgonjwa. Namaliza chai yangu, naondoka, hakuna aliyevunjiwa heshima."

Hata Kassimu akaanza kutikisa kichwa kukubali. Aibu ya kuwa na mgonjwa alishaizoea. Neno moja lile, na posa ingekufa. Chumba kingebaki chetu, kazi yangu ingebaki yangu, na jioni tungepika mihogo kama kawaida. Nililihisi neno lile likiwa tayari ulimini.

Bobini ilikuwa mbele yangu.

"Haumwi," nilisema. "Amekataa."

"Amekataa kwa mdomo wa nani?" Kassimu alisimama. "Wewe ni nani wake?"

Jirani hakatai posa ya mtu. Rafiki naye hakatai.

"Ni mtu wangu," nilisema. "Nami ni mtu wake. Tunaishi hivyo."

Mzee Idrisa akakitazama kitanda alichokalia, akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Astaghfirullah!" Alikuwa mlangoni kabla kikombe hakijatua sakafuni.

"Saida!" Kassimu alipiga kelele. "Sema anadanganya!"

Saida alinyamaza. Ulimi uliniwasha kumkumbusha Kassimu kwamba kimya ni ridhaa, maana yeye ndiye aliyeshuhudia. Niliumeza. Kimya kile hakikuwa cha kutumiwa na mtu, nami nikiwemo.

"Magharibi isiwakute humu," Kassimu alisema. "Na mkuu wako wa shule nitamwona mwenyewe. Msomi mzima!"

Alasiri tulikuwa nje na godoro, masufuria na cherehani, majirani wakituangalia kwa ile huruma inayochunguza mizigo. Dereva wa bajaji alikuwa akifungua kamba Saida alipopata sauti.

"Hukusema naumwa."

"Sikusema."

"Shuleni watakufukuza."

"Huenda."

Akachukua bobini, ambayo bado nilikuwa nayo kiganjani, bila kunigusa, akairudisha mahali pake, akainama kushika upande wake wa cherehani.

"Usishike hapo," alisema. "Pana msumari."