Hewa ya Kwetu

Mama Eleuteria, jirani yetu, anasema mlima ulimkalia kaka yangu kifuani. Anasema Limbert alirudi kutoka nchi ya chini akinuka miwa, akapita kwenye rundo la mawe la wasafiri bila kuacha hata jani moja la koka, na mlima wenyewe, Parinacota, asiyependa wenye kiburi, akangoja alale kisha akamkalia. Ndiyo maana alishushwa akitoka povu mdomoni, na hata mbwa wa kambini hawakumsogelea. Mama yangu ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Anasema yanasimuliwa bombani, ndoo ya Mama Eleuteria imejaa zamani na maji yanamwagika, na wanawake hawaondoki, maana yule mama anajua kusimulia.

Kambini hakuna mbwa. Na siku tuliyopita kwenye mawe yale Mama Eleuteria alikuwa zizini kwake anakata manyoya ya lama. Nilimwona tulipopita na gari asubuhi. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye mpishi. Na koka aliweka, konzi nzima, akapiga na goti.

Kazi yetu pale kijijini Sajama ni wageni. Wanatoka chini wakiwa na mapafu ya chini, na Mjomba Teofilo anawazoesha hewa kidogo kidogo kabla ya kuwapandisha milimani. Siku ya kwanza wanatembea hadi kwenye maji ya moto, ya pili kwenye mashimo ya mvuke, wanapanda kidogo, wanarudi kulala chini. Baadaye wanapelekwa Acotango, mlima mpole, na mwisho Parinacota. Akiona mgeni anakimbia, mjomba humwambia, "Polepole, bwana. Mlima hauna safari."

Safari hii wageni walikuwa wawili, Dorota na mumewe Marek, watu wa Poland. Dorota alikuwa na miguu ya mbuzi. Marek alipanda kwa sababu mkewe alipanda. Msaidizi wa mjomba, yule anayeshika kamba ya pili ya kuwafungia wageni barafuni, alikuwa amekwenda zake Chile kuchuma zabibu, ndipo mjomba akamkumbuka Limbert.

Limbert alikuwa amekaa nchi ya chini miaka minne, huko Montero, akikata miwa, halafu akiziba pancha. Kwetu anayekwenda chini hurudi kwenye sherehe na mazishi tu, halafu mwishowe mazishi peke yake. Mjomba alimpigia simu mbele yangu. "Njoo," alimwambia. "Safari hii ikienda vizuri, kamba ya pili ni yako, hutaziba pancha tena." Mama alichinja kondoo. Limbert alishuka basi jioni, akalala kwa mama, na asubuhi yake alikuwa amebeba kamba, anakwenda nasi Acotango. Wageni walikuwa wamezoeshwa zaidi ya wiki. Yeye hakuna aliyemzoesha, wala hakuna aliyewaza hilo. Mtoto wa hapa azoeshwe hewa ya hapa? Ni kama kumfundisha bata kuoga.

Kutoka Acotango alirudi wa mwisho, nyuma ya Marek.

"Huko chini walikulisha pamba?" mjomba akamwuliza.

"Pamba na wali," Limbert akajibu, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kisichoisha.

Tulipohamia kambi ya Parinacota nikaanza kumwangalia. Mpishi huona mambo kwenye sahani. Supu ya kinoa, nafaka ya kwetu, aliirudisha ilivyo, yeye aliyekuwa akilamba sufuria hadi tunapigana. Usiku hakulala chini, alilala ameketi, ameegemea magunia ya viazi. Alisema ni mgongo. Asubuhi nilimwona anafunga kamba za viatu: alifunga kimoja, akapumzika, akatazama mbali kama mzee, ndipo akafunga cha pili.

Nikampelekea chai. "Kaka, wewe unaumwa."

"Vumbi la basi."

"Basi gani hilo, vumbi lake linakaa kifuani siku zote hizi?"

"Basi la bei rahisi." Alijaribu kutabasamu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. "Nilda, niache. Nikirudi Montero safari hii, sirudi tena. Unalijua hilo, na mama analijua."

Nililijua. Ndiyo maana nilichoka hata kabla ya kusimama. Nilipoinama kuchukua kikombe nilisikia kifua chake: sufuria yenye kifuniko, maji yanaanza kuchemka ndani.

Nikamfuata mjomba. Alikuwa anachonga meno ya vyuma vya kuvaa viatuni, vile vya kukanyagia barafu.

"Mjomba, Limbert ana ugonjwa wa mlima."

Hakuacha kuchonga. "Ugonjwa wa mlima ni wa wageni. Wao wanalipa ili waupate."

"Hali chakula. Hajalala."

"Ni uvivu wa joto huo, utamtoka kwa jasho. Leo usiku tunapanda." Akapima ncha ya chuma kwa kidole gumba. "Na maneno hayo usiyaseme tena, hata kwa dereva wetu Grover. Mwongozaji anayeumwa mlima, nani atafunga kamba nyuma yake? Utamharibia mwenzio."

Nikarudi jikoni. Nikamenya viazi. Nilikuwa nimeshasema na kaka, nimeshasema na mjomba, na wote wawili walikuwa wamesema kitu kimoja: ninyamaze.

Mjomba ana kijidude cha kubana kidole, kinaonyesha damu ina hewa kiasi gani. Kila alasiri wageni wanaketi kwenye hema la kulia, anawabana kidole mmoja mmoja, anatikisa kichwa kama daktari. Sisi hatubanwi kamwe. Alasiri ile nilikuwa namimina chai ya koka, nikaweka birika chini.

"Mjomba, nibane na mimi."

"Wewe? Wewe unapanda wapi, juu ya meza?"

"Nibane tu. Nione kama nipo hai."

Dorota akafurahi, akapiga makofi. Nikabanwa, nikapata namba nzuri kuliko yake. Grover akatoa kidole naye. Mjomba akamwambia hicho kitavunja mtambo kwa unene. Mjomba mwenyewe akajibana akatuonyesha, anajivuna. Wakawa wanacheka, ndipo nikasema, "Amebaki Limbert."

Alikuwa nje anakunja kamba. Alikuja hadi mlangoni mwa hema, hakuingia.

"Mikono yangu michafu."

"Kidole si kijiko," Grover akasema. "Lete hapa."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa tumbo moja nami. Akatoa kidole.

Namba ikashuka. Ikaendelea kushuka, tukaingoja isimame. Ya wageni ilikuwa themanini na kitu. Yake ilikuwa hamsini na tatu.

"Ni baridi," mjomba akasema. "Kidole kimepata baridi." Akakisugua kwa viganja vyake viwili, kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kuchunga. Akabana tena. Akajibana yeye mwenyewe, kwake kikasema vizuri. Akarudi kwa Limbert, hamsini na mbili.

Dorota akasema kwa Kihispania chake cha kujifunza, "Yeye anakwenda chini. Sasa."

Mjomba alimgeuza Limbert, akaweka sikio mgongoni mwake, akakaa hapo muda. Nilijua anasikia nini.

"Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza Limbert.

"Ungeniambia nini, mjomba?"

Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. "Grover, washa gari. Nilda, nenda naye."

Yeye alibaki na wageni wake. Mtu mmoja, kamba moja.

Tukashuka barabara ya vumbi mimi na Limbert kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake begani kwangu. Kijiji chetu kilionekana ng'ambo ya uwanda, mapaa yanang'aa, moshi wa jikoni umesimama wima. Akanyoosha mkono.

"Nipelekeni kwa mama."

"Kwa mama ni juu, kaka."

Alifikiri. Nadhani hakuwahi kufikiri hivyo maishani, kwamba kwa mama ni juu. Grover akakata kona kuelekea mpaka wa Chile, na kijiji kikabaki nyuma yetu.

Askari wa mpakani aliomba vitambulisho, akamulika ndani, akaona midomo, akarudisha vitambulisho bila kuvisoma. Baada ya hapo barabara inashuka tu, inashuka hadi masikio yanaziba, hadi Arica, baharini. Tulipoupita mji mdogo wa Putre kikohozi kililegea. Karibu na bonde la mizeituni nikamkuta amelala amejinyoosha, miguu yake mapajani mwangu. Nikaogopa kusogea, nikakaa hivyo hadi miguu yangu ikafa ganzi.

Daktari wa kliniki ya Arica alikuwa kijana, naye amechoka. Alisema anawapata kila mwaka: watu wa juu wanaokwenda chini kufanya kazi, wanarudi kwao kwa mbio. Mapafu yamesahau, alisema, ila hayasahau moja kwa moja. "Anaweza kurudi. Lakini polepole, siku kwa siku, kama wageni."

Limbert aliposikia kama wageni, akageukia ukutani.

Alikaa amegeukia ukuta siku mbili. Anakula sasa, analala amejinyoosha. Mama alipopiga na kunieleza ya Mama Eleuteria, Limbert alitusikia. Jioni akasema, bado amegeuka:

"Mpigie mjomba. Wewe. Mimi hatanisikiliza."

Nikapiga. Mjomba alikuwa nyumbani kwake.

"Mlifika kileleni?"

"Hatukufika. Marek aliishiwa nguvu kwenye barafu, na sikuwa na wa kumwachia. Tukageuka wote. Mkewe alilia." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajavua viatu. "Anaendeleaje?"

"Anakula."

"Vizuri."

"Mjomba, wageni wa mwezi ujao wakifika, Limbert atembee nao. Bila kamba, bila mzigo. Aende nao kwenye maji ya moto, aende nao kwenye mvuke, arudi kulala nao chini. Watu watamwona, najua. Watacheka, Mama Eleuteria atapata la kusema mwaka mzima. Akishazoea, umpe kamba yake."

Kitanda kikalia nyuma yangu. Limbert alikuwa ameketi, ametoa mpira wa oksijeni puani ili asikie vizuri.

"Mjomba, uko hapo?"

Nilisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Nilisikia upepo wa kwetu mlangoni kwake. "Mwambie aje polepole," akasema, "mlima hauna safari."