Kikohozi cha Firmin

Jumatatu ya pili ya Julai, saa nne na robo asubuhi, Yvon Kermarec alikuwa akiendesha baiskeli kando ya mto Loire kwa mwendo wa mtu aliyestaafu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika kipande cha jibini la mbuzi, baiskeli yake iliposimama. Hakugusa breki. Gurudumu la mbele lilifika mahali likakataa. Kisha kengele ikakohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo, ikamalizia mara ya tatu kwa chini, kama mtu anayeona haya mbele ya wageni.

Mkewe Maryvonne alikuwa nyuma. Ya kwake nayo ikasimama, ikakohoa vilevile.

"Umezitia mafuta leo?" akauliza Maryvonne.

"Nimezitia zote mbili."

"Basi si mafuta."

Wakashuka, wakazinyanyua, wakazivusha hatua moja mbele, zikaenda vizuri. Hawakuwa watu wa haraka. Tangu Yvon aache kazi ya kugawa barua huko Bretagne, kila kiangazi waliufuata mto kipande, kilomita ishirini na tano kwa siku, wakisimama kila penye kivuli, kila penye kanisa lililo wazi na kila penye mtu wa kuwaonjesha mvinyo. Mita mia mbili mbele walikuta mkahawa wa Ghislaine Poupard, mwanzoni mwa kijiji cha Varennes-la-Grolle, wakampa habari ile kama mtu anavyotoa habari ya shimo barabarani.

Ghislaine alikuwa akifuta meza.

"Imekohoa mara ngapi?"

"Mbili. Halafu ya tatu kwa chini."

Akakunja kitambaa chake. "Huyo ni baba yangu," akasema. "Mtakunywa nini?"

Firmin Poupard alikuwa amekufa miaka kumi na minane iliyopita, kwa mapafu. Kufikia Jumatano kijiji kizima kilishajua kwamba amerudi, na mjadala mkubwa kwa muuza mikate ulikuwa kama mapafu yamepata nafuu au la. Wengi walisema la. Watu walitoka na viti vyao wakaenda kukaa pale njiani kusikiliza. Ikaonekana kwamba hasimamishi kila mtu. Wale wa nguo za kubana, wanaopita wameinama kama wanakimbiza mwizi, walipita tu. Jambo hilo halikumshangaza mtu, maana hata alipokuwa hai Firmin hakuwahi kumsemesha mwenye haraka. Aliowataka ni hawa watalii wa taratibu, wenye mikoba kwenye keria na kofia ya jua, wanaosimama kuangalia bata. Mholanzi mmoja baiskeli yake haikuwa na kengele. Likakohoa tandiko alilokalia, na yeye akawaomba watu radhi.

Yvon na Maryvonne walikuwa waondoke Jumanne. Hawakuondoka. Mtu aliyebeba barua miaka thelathini na minane hawezi kulala akijua kuna kitu kimetumwa na hakijafika kwa mwenyewe.

"Leo tunaingia mizabibuni," akamwambia mkewe Jumatano asubuhi. "Lete vibanio vya nguo."

Akaisukuma baiskeli kwa miguu, polepole, akianzia njiani na kupanda mteremko, akiingia na kutoka kati ya safu za mizabibu. Kila ilipokohoa, Maryvonne alibana kibanio kwenye waya ulioishikilia mizabibu. Kibanio chekundu, cha bluu, cha njano. Kufika adhuhuri vibanio vilikuwa vimenyooka kama kamba, kutoka njia ya mtoni hadi kwenye mlozi mkubwa ulio juu kileleni. Mstari huo ulikuwa ndani ya shamba la Aurélien Desfossé, jirani wa akina Poupard, safu tisa kamili kupita jiwe la mpaka.

Maryvonne akamwita Ghislaine aje aone. Ghislaine alikuja na trei mkononi. Alivitazama vile vibanio kwa muda mrefu, kama anatazama nguo zake zilizoanikwa na mtu mwingine.

"Ndipo hapo," akasema.

Habari yenyewe kila mtu aliijua, ila ilikuwa habari ya kusemwa jikoni. Mwaka Firmin alipolazwa hospitali, jiwe la mpaka lilitembea. Jiwe halina miguu, lakini Desfossé alikuwa na trekta. Firmin aliporudi alikwenda kulitazama, akakohoa mara mbili, akamalizia kwa chini, na mwaka uliofuata akafa. Zile safu tisa zilikuwa ndizo zinazopata jua la asubuhi na ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba. Nne zilizombakia Ghislaine zililisha ndege. Na sasa, keshokutwa, Ijumaa, mpima ardhi alikuwa anakuja kuchora ramani mpya ya mashamba yote ya kijiji. Jiwe atakapolikuta, ndipo mpaka utakapokuwa, daima na milele.

"Lakini wazee wenu walikuwa wanazika mashahidi," akasema Maryvonne. "Hata kwetu walizika."

Walizika. Kila jiwe la mpaka liliposimikwa, kigae kilivunjwa vipande viwili, vikafukiwa chini kabisa, chini kuliko jiwe. Anayehamisha jiwe usiku huwa hakumbuki kigae. Vikifukuliwa, ufa wa kimoja unaingia kwenye ufa wa mwenziwe na si kwingine. Na kwa kuwa kigae hakisemi, alitafutwa pia mtoto wa jirani asiye na upande, akasimamishwa pale pale, akachapwa kofi moja la nguvu ili mahali hapo asipasahau maisha yake yote.

Mtoto wa mpaka ule alikuwa Anselme Grelet. Alikuwa na miaka saba. Leo ana themanini na moja. Kofi alipigwa na Firmin mwenyewe, kisha akapewa chokoleti nzima. Anselme alikuwa akiisimulia hadithi hiyo mkahawani kila sikukuu, chokoleti ikizidi kurefuka kila mwaka, mpaka mwaka ule jiwe lilipotembea. Tangu hapo hakuisimulia tena. Nyumba anayoishi ni ya Desfossé.

Ijumaa, mpima ardhi alifika saa tatu. Alikuwa mwanamke mwembamba, Bi Tessandier, mwenye buti safi na daftari lenye kamba. Alikuta nusu ya kijiji imekaa njiani na vikapu vya chakula. Yvon akampa baiskeli.

"Polepole tu, mama," akamwambia. "Kama hujui unakokwenda."

Bi Tessandier akaendesha. Ikasimama, ikakohoa. Akarudi nyuma, akajaribu tena, ikakohoa tena. Akaandika katika daftari lake: *hapa inakohoa*. Kisha akaomba sepeto.

Pale pale ilipokohoa, kwenye kina cha goti, walikuta vipande viwili vya kigae. Bi Tessandier akavipangusa kwa leso yake, akavisogeza. Vikaingiana, hata unywele usingepita.

"Haya sasa!" akasema muuza mikate.

"Haya sasa nini?" Desfossé alikuwa amesimama na mikono mfukoni, mtu mnene, mcheshi, anayejua majina ya mbwa wa watu wote. "Toboa popote bonde hili utapata vigae. Jana nimepata kimoja kwenye saladi."

Watu wachache wakacheka, kisha wakaona wamecheka.

"Ni kweli," akasema Bi Tessandier. "Kigae peke yake ni kigae. Yupo mtu aliyekuwapo siku kilipozikwa?"

Vichwa vyote viligeuka kwa Anselme, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na fimbo yake katikati ya magoti.

"Mzee Anselme," akasema Desfossé, kwa upole kabisa, "kabla sijasahau. Lile paa lako linalovuja, nimewaambia mafundi waje wiki ijayo. Si ulikuwa unalalamika?"

"Nilikuwa nalalamika," akasema Anselme.

"Babu," akasema Ghislaine.

Bi Tessandier akachuchumaa mbele ya mzee. "Unapakumbuka mahali hapa, mzee wangu?"

Anselme akatazama vibanio vya nguo, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye mlozi. Njiani baiskeli ya mtalii mmoja aliyekuwa akipita ikasimama, ikakohoa mara mbili. Ya tatu ilichelewa, kama inasubiri.

"Sikumbuki," akasema Anselme.

Shavu lake la kushoto likaanza kuwa jekundu. Kwanza kidole cha shahada, halafu cha kati, halafu vingine viwili kuelekea sikioni, na mwisho dole gumba chini ya jicho. Ulikuwa mkono mpana wa mkulima. Kidole kidogo hakikuwa na ncha, na kila mtu pale alijua kwamba Firmin alikatwa ncha ya kidole hicho na mkasi wa kupogolea. Kijiji kizima kiliutazama. Bi Tessandier pia aliutazama, karibu sana, hata akavua miwani.

"Hukumbuki," akasema.

"Sikumbuki, mama."

Akaandika: *shahidi hakumbuki*. Akasimama, akapangusa buti zake, akamrudishia Ghislaine vile vipande viwili vya kigae kwa mikono yote miwili. Kisha akaenda kupima pale lilipo jiwe.

Yvon na Maryvonne waliondoka Jumapili, wakiufuata mto kuelekea baharini. Yvon aliikunja bili ya mkahawa akaiweka mfukoni kama barua iliyorudi kwa kukosa mpokeaji. Ghislaine aliwafungia jibini na chupa moja ya mvinyo wa zile safu nne.

Ramani mpya ilibandikwa ofisi ya kijiji mwezi wa Agosti. Desfossé aliweka benchi zuri la mbao pale baiskeli zinaposimama, na kibao cha kuwakaribisha waendesha baiskeli, na chupa zake za mwaka huo zikatoka na lebo yenye picha ya baiskeli. Wateja waliipenda. Paa la Anselme liliezekwa upya, halivuji. Vile vigae viwili Ghislaine huviweka kaunta, vimeunganishwa, na juu yake huweka birika la kahawa.

Vidole shavuni havikuondoka. Anselme huja mkahawani kila asubuhi, hukaa shavu la kushoto likielekea ukutani. Wageni wenye huruma humwambia, "Mzee, jua limekuunguza," naye hujibu, "Jua la huku ni kali."

Asubuhi moja ya Septemba, zabibu za zile safu tisa zikivunwa, Ghislaine alimletea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Hajawahi kumtoza.

"Inauma?"

"Wakipita wengi."

Ghislaine akachungulia njiani. Walikuwa wanakuja Wajerumani kumi na wanne, wenye mikoba na kofia za jua, taratibu kabisa, wakisimama kuangalia bata.

"Basi ishike vizuri hiyo barafu, babu," akasema, akaenda kuunganisha meza.