Mnara Tulioubeba Mabegani

Siku ya sherehe ya mnara wa intaneti kijijini kwetu Wolosambi, bango lilikuwa na picha ya Bapak Gaudens, yaani Bwana Gaudens, mkuu wetu wa wilaya, akitabasamu, na chini yake maandishi: "Zawadi yangu ya intaneti kwa Wolosambi." Damu ilinichemka. Zawadi yake! Vyuma vya mnara ule tulivipandisha kilimani sisi wenyewe, wanaume kwa wanawake, na mume wa jirani yangu Mama Odilia aliteleza navyo akavunjika nyonga. Kwa mtandao huo tunauza vitambaa vyetu vya kufuma hadi Jakarta bila kumpigia dalali magoti.

Bapak Gaudens alisimama mbele ya simu ya msaidizi wake, akiihutubia wilaya nzima moja kwa moja mtandaoni. "Nimewaletea maendeleo!" alitamba.

Mama Odilia alinyanyuka, akaingia chumba cha mitambo nyuma ya kanisa, akachomoa waya wa mtandao.

"Bapak, tumekatika," msaidizi alinong'ona.

"Nani kazima?"

"Mimi," alisema Mama Odilia kutoka mlangoni.

"Washa, mama! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Tulipokuja ofisini kwako kuomba mnara, ulituambia tuko wachache mno, turudi tukalime. Ng'oa bango lako kwanza, ndipo niwashe."

Bapak Gaudens alijaribu kucheka, hakuna aliyemuunga mkono. Mwishowe dereva wake ndiye aliyelishusha, wakaondoka bila kugusa nguruwe tuliyemchoma.

Mtandao ulirudi, watu wakashangilia. Mimi nilikuwa bado na hasira, fungu langu la nyama nikampa mwingine.