Mstari wa Tatu

Ekow Essuman alichana karatasi ya nne, akaitupa huko. Wimbo wenyewe ni wa kanisani, hakuna mtu hapa mjini Anomabo asiyeujua, lakini kuupangia bendi ya watoto waliokamata ala miezi mitatu tu iliyopita, jamani! Walijua noti sita. Sita! Akiushusha wimbo, mwanzo unazama chini ya noti zao. Akiupandisha, mstari wa tatu unapaa hadi kule ambako tarumbeta la Aba, mmoja wa watoto hao, hulia kama mbuzi.

Na Jumapili ndiyo ilikuwa ibada ya shukrani ya mama yake. Mama huyo, Maame Ekua, alilazwa miezi miwili kwa mapafu, akapona, akaomba jambo moja tu: bendi ya mwanawe ipige wimbo wake, naye auimbe. Miaka arobaini yeye ndiye aliyeuanzisha. Mchungaji akikolea na mahubiri, Maame Ekua huibua wimbo hapo hapo, akina mama huitikia, na mchungaji hungoja mpaka wamalize. Ndivyo tulivyo, na mchungaji anayenuna hakai kwetu.

Basi Ekow akaugeuza mstari wa tatu. Pale unapopanda, yeye akaushusha, ukabaki ndani ya noti sita. Alhamisi mama akaja mazoezini na fimbo yake. Watoto walipofika pale, akagonga sakafu.

"Hebu acheni! We Ekow, hapo panapanda!" Akainua mkono juu kabisa. "Wewe unashuka, unakwenda wapi?"

"Mama, noti hiyo hawajaifikia."

"Si uwafundishe?"

"Kwa siku tatu?"

"Mimi niliiimba na wewe ukiwa tumboni, tena wiki ya kukuzaa! Hawa wana mapafu mapya, wanashindwa nini?" Watoto wakacheka. "Huo si wimbo wangu. Umeukata miguu."

Ekow alikasirika mpaka masikio yakamchemka. Kama ni rahisi, si aupange mwenyewe! Ijumaa alimpa Aba noti ile ya juu peke yake, akatoka mbuzi yule yule. Jumamosi akairudisha karatasi ya noti za chini. Potelea mbali.

Jumapili bendi ilianza vizuri ajabu. Maame Ekua alisimama mbele na nguo yake nyeupe, akaingia na sauti yake ya zamani, akina mama wakimfuata. Ekow aliongoza, akiungoja mstari wa tatu. Bendi itashuka, mama atapanda, na kanisa zima litajua nani kamwangusha nani.

Mstari wa tatu ukafika. Mama akainua mkono, akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu. Akina mama, waliozoea kumfuata yeye, nao wakanyamaza. Tarumbeta la Aba likaendelea na noti zake. Maame Ekua akalisikiliza, mkono ukashuka taratibu, akaungana na watoto kwa noti zile zile alizozitukana Alhamisi.

Baada ya ibada alimshika mwanawe mkono.

"Kumbe uliniwekea nafasi. Ulijuaje?"

Ekow hakuwa amejua lolote. Aliwapangia watoto, basi. Hasira ya tangu Alhamisi alikuwa nayo bado, ila sasa hakuwa na wa kumkasirikia.

"Mwaka ujao tutaupiga kwa juu, Mama. Noti ile mtakuwa mmeifikia."

"Watoto, ndiyo," akasema Maame Ekua.