Radio ya Mbingu

Mwaka ule wa tisini na tatu, kiwanda kikubwa cha shaba kiliacha kutoa moshi. Watu wa Lubumbashi walikuwa wamezoea kuulalamikia moshi huo, unaokausha koo na kuunguza mboga. Ulipokosekana walilalamika zaidi, maana ulikuwa umeondoka na mishahara, unga, na treni zilizofika kwa saa. Maduka yaliyoporwa miaka miwili kabla yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao. Majirani wengi wenye asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa, wakapanda mabehewa kurudi huko, si kwa kupenda, na nyumba zao zilibaki kimya.

Honorine alikuwa fundi wa radio katika hospitali moja ya wafanyakazi, yaani ndiye aliyepiga picha za mifupa na mapafu. Kiangazi kile aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe: kwa kuwa moshi haukuwapo, nyota zilishuka hadi pembeni kabisa mwa anga, juu ya mabati ya Naviundu, mtaa wao. Akataka kuzipiga picha.

Alikuwa na kamera kuukuu ya sanduku la mbao, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao. Filamu za kawaida hazikupatikana mjini, lakini hospitali ilikuwa imemwambia atupe katoni mbili za filamu za radio zilizopitwa na tarehe, na yeye hakuzitupa. Alikata moja gizani ili iingie kwenye kamera, akaiweka kamera uani, akaielekeza juu na kuiacha wazi dakika kumi. Aliposafisha picha hakuona nyota hata moja. Aliona mistari mifupi, mamia, kama mahali kuku walipoparura.

Mume wake, André, alikuwa ametumikia kiwanda miaka ishirini na miwili kama fundi wa mashine. Tangu karakana ifungwe alikaa kwenye kiti kilekile, amevaa ovaroli iliyofuliwa. Honorine aliiweka filamu kando ya sahani yake ya bukari, yaani ugali, akamwita kwa jina la mtoto wao, Mimi.

"Baba Mimi, angalia. Banyota banatembea."

André aliiinua filamu dirishani, akapima mstari mmoja kwa ukucha.

"Banyota habana shida," alisema. "Kamera njo inasimama. Lazima itembee pamoja nabo."

"Itatembea na nini?"

André aliinuka. Alisukuma sahani, akatoka kwenda kutafuta mbao.

Siku nne nyundo haikulala. André aliunga mbao mbili kwa bawaba ya mlango, zikawa kama kitabu kinachofunguka. Katika ubao wa chini alipitisha buloni, msumari mnene wa chuma wenye hesi. Ukiizungusha, inausukuma taratibu ubao wa juu, ambao kamera imefungwa juu yake. Hesabu zake alizifanya kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: mzunguko mmoja kwa dakika moja, na bawaba ielekee kusini, pale nyota zote zinapozungukia. Honorine alimkataza kuchafua ukuta, lakini hakumkataza kwa nguvu, kwa sababu mumewe alikuwa anapiga mluzi.

Siku isiyo na mwezi, saa mbili za usiku, walitoka uani wamevaa makoti, maana baridi ya Julai inauma. Honorine alishika saa na ile taa nyekundu ya kusafishia picha. André alipiga magoti mbele ya buloni.

"Robo," Honorine alihesabu. "Nusu. Robo tatu. Moja."

Jirani yao, Mama Léonie, alichungulia juu ya ukuta.

"Mama Mimi, munafanya nini na ile taa?"

"Tunapiga banyota picha."

"Na baba anapiga magoti?"

"Yeye njo anazungusha."

Mama Léonie alifikiri kidogo. "Basi, kama munaomba, mutaje na Séphora wangu. Anangoja majibu ya mtihani." Akarudi ndani.

Waliendelea dakika ishirini. Goti la André lililia, lakini mkono wake haukuruka hata robo moja.

Safari hii kila nyota ilitoka nukta. Kwenye filamu nyota zilikuwa nyeusi, kwa hiyo Honorine aliinakili juu ya filamu nyingine ili ziwe nyeupe katika anga jeusi. Kesho yake aliitundika kwenye sanduku la taa katika chumba cha radio, akaenda kunawa mikono.

Aliporudi alimkuta Dokta Kasereka mbele ya picha. Alikuwa daktari kijana kutoka Butembo, hana hata miezi mitatu pale, mtu asiyecheka kazini.

"Mama Honorine, huyu mgonjwa ni nani?"

Honorine alikuwa bado anapangusa mikono.

"Nukta kila mahali, kama ulezi umemwagika," daktari aliendelea. "Ni kifua kikuu, kimeenea pafu zima. Mbavu sizioni, lakini najua mashine yetu imechoka. Yuko kitanda gani?"

"Hana kitanda, Dokta."

"Mumemrudisha nyumbani na mapafu kama haya? Anapumua?"

"Sijui kama anapumua, Dokta. Yuko juu ya nyumba yangu." Akaweka kidole kwenye picha. "Hili ni kundi la nyota la Nge, na huu mkia wake. Huku kweupe ni ule mkanda unaopita katikati ya mbingu. Tuliipiga jana usiku, mimi na Baba Mimi, na zile filamu za kutupa."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Kicheko kilianzia mabegani, kisha kikamshinda, hadi muuguzi akaja mlangoni kuona kuna nini. Kilipokwisha, hakuondoka. Aliitazama picha kwa muda mrefu, uso ukiwa karibu na kioo.

"Mgonjwa huyu," aliuliza, "naweza kumwona mwenyewe?"

Jumamosi alifika Naviundu na kilo ya sukari, kitu adimu siku zile. André alimpa buloni.

"Polepole, Dokta. Hii haiko sindano."

Picha ya jioni ile ilitoka na nyota zenye mikia, kwa sababu daktari alikuwa ameangalia juu akasahau mizunguko miwili. André alimwambia arudi Jumamosi inayofuata aifanye kazi vizuri. Alirudi, na hadi mvua za Oktoba hakukosa hata Jumamosi moja.