Kidonge cha Nyumba Nzima

Mpiga pasi aliisukuma pakiti chini ya wavu wa dirisha la dawa. Vifuko vyote vya vidonge vilikuwa vimepasuliwa. Mtoa dawa aliigeuza, akatazama kadi, akaigeuza tena.

"Tarehe yako bado, mama."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja."

"Ulikuwa unameza viwili viwili?"

"Hapana."

"Basi umeuza."

Nyuma yake foleni ilisogea, kama watu wanavyosogea wakinusa jambo tamu.

"Niligawa," alisema kwa sauti ya chini.

"Aligawa!" Mtoa dawa alimgeukia mwenzake aliyekuwa akipanga chupa. "Njoo usikie. Dawa ya sonona imegawiwa kama pipi."

Mambo ya nyumbani hayaelezeki dirishani. Kabla ya dawa alikuwa akilala macho wazi, na wanawe walishazoea kumpita kama wanavyolipita kabati. Daktari alimwelekeza taratibu: kimoja kila asubuhi, usitarajie nafuu wiki za mwanzo, usimpe mtu mwingine, na hata ukijiona umepona usiache ghafla, uje tupunguze pole pole. Alishika kila neno. Tumbo lilimchafuka, akavumilia. Kisha asubuhi moja kuku aliingia ndani, kichwa kimenasa kwenye kopo, akawa anagonga kuta kama mlevi. Mpiga pasi akacheka mpaka akakaa chini. Nyumba nzima ilisikia.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

"Nipe na mimi hiyo inayochekesha," mama mkwe alisema. "Miguu inaniwaka moto."

"Mama, hii si ya miguu. Daktari amekataza."

"Daktari? Ulipokuwa gogo hapo kitandani, daktari ndiye aliyekuogeshea watoto?"

Ilikuwa kweli: mama mkwe ndiye aliyewaogesha, akawalisha, akawatoa vichwani chawa wa shule.

"Nyumba hii chumvi moja, maji mamoja," mama mkwe aliendelea. "Leo dawa ndiyo iwe ya mtu mmoja?"

Akampa. Wifi yake, aliyekuwa ameachika, akataka cha kutuliza moyo, naye akapewa. Mpiga pasi akavificha vilivyobaki ndani ya mto. Vikaonekana siku ya kuanika mito. Hata jirani asiyepata usingizi alipewa. "Kutoa ni moyo, mwanangu," mama mkwe alisema, akitoa cha mwenzake.

"Naweza kumwona daktari?" mpiga pasi aliuliza sasa, bado yupo dirishani.

"Huja mara moja kwa mwezi. Mwezi huu ameitwa semina."

"Dada, tangu viishe kichwa kinanipiga shoti. Nikigeuza macho tu, kama nimegusa waya. Na ile hali inarudi, naiona inavyokuja. Nipe hata vichache."

Mtoa dawa alimtazama kidogo, na uso wake ukalegea. Akabonyeza kompyuta, akangoja, akatikisa kichwa.

"Mfumo haukubali kabla ya tarehe. Si mimi, mama."

"Sasa nifanyeje?"

"Rudi tarehe yako. Ila usikae bila dawa, sawa? Kuacha ghafla ni hatari." Akanyoosha shingo. "Anayefuata!"

Kazini kwake, kwenye kiwanda cha dobi, alikuta meza yake imejaa. Msimamizi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Bibi harusi umefika? Makoti ya kliniki yanachukuliwa mchana huu."

"Samahani, bosi. Nilikuwa huko huko kliniki."

"Basi ungeyabeba kabisa."

Wenzake wakacheka. Naye alijaribu kucheka; midomo ikavutika, sauti haikuja.

Alitandaza koti jeupe, akalinyoosha kola, akapitisha pasi begani, kisha kifuani, juu ya mfuko wa kalamu. Hapo shoti ikampiga. Ilipopita, ikaacha kitu kingine nyuma yake, kizito, alichokifahamu vizuri. Mkono ukatulia.

"We! Unaunguza!" mwenzake alipiga kelele.

Alimsikia. Harufu pia aliisikia. Aliuambia mkono uinyanyue pasi, akauambia tena, kwa upole, kama unavyomwambia mtoto. Mkono ulikaa palepale. Na chini ya pasi, taratibu, kifua cha koti kikaanza kuwa na rangi ya chai.