Siku Lonnie Sage Alipowaimbia Maksai

Lonnie Sage alikuwa amepanda juu ya mbao za zizi, gitaa begani, suruali nyeupe kama ya bwana harusi, na maksai mia mbili wakimtazama. Nyuma ya stesheni ya reli wingu lilikuwa limeanza kunguruma. Mabehewa ya kuwapakia yalikuwa yamechelewa, nao walikuwa wakisukumana vibaya.

"Haya, kauboi," baba akamwambia. "Watulize kwa wimbo."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fidla mkononi, sanduku langu la nguo likiwa tayari kwenye kibaraza cha stesheni. Lonnie, mwimbaji wa nyimbo za kikauboi redioni, alinisikia nikipiga kwenye dansi ya Jumamosi hapo kwetu Harlan, Texas, akaniomba niingie kwenye bendi yake. Baba yangu, Orval Tackett, aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, hakupiga kelele. Alitoa sharti moja tu.

"Kama huyu ni kauboi kweli, Wilma, nenda naye. Kama ni wa redioni tu, unarudi nami nyumbani leo hii."

Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nakufa kwa hamu ya kujua. Ni mtu gani huyu? Baadaye angecheza filamu kumi na nne na sura yake ingebandikwa kwenye makopo ya maharage, lakini hata wakati ule redio ilikuwa ikisema amezaliwa juu ya tandiko la farasi. Mbona basi viganja vyake vilikuwa laini kuliko vyangu? Mbona asubuhi ile nilimwona akimzunguka farasi wake mara mbili, kama anayetafuta mlango? Kila nilipomuuliza kwao ni wapi, alinijibu kwa wimbo.

Basi akaimba. Alianza kama anavyoanza redioni, gitaa kwa nguvu, kisha sauti ikaruka juu, ikavunjika, ikaruka tena. Jamani! Maksai wa mbele walirudi nyuma wakawakumba wenzao, kundi zima likageuka, ubao mmoja ukapasuka.

"Nyamaza!" baba akafoka. "Utawaua!"

Wachungaji waliokaa juu ya ua walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwacheni," mmoja akasema, "huyo hata kuku hajawahi kumchunga."

Ningekuwa mimi, ningesingizia koo. Lonnie alishuka, akaliweka gitaa chini kwenye vumbi, akavua kofia.

"Mzee Tackett, mimi ni wa Ohio. Baba yangu anauza viatu. Ng'ombe nimeanza kuwaona kwa karibu mwaka jana." Akanitupia jicho, kisha akamrudia baba. "Naomba unifundishe. Wanaimbiwaje?"

Kwisha habari yangu, nikajiambia.

Baba akaanza kutembea kando ya zizi, polepole, akafungua mdomo akaimba. Sikuwahi kumsikia baba akiimba, hata kanisani. Sauti yake ilikuwa mbaya, ya chini, ya kukwaruza. Maneno aliyaokota popote: wimbo wa Jumapili, majina ya mito, jina la mama.

"Hawataki wimbo mzuri," alimwambia Lonnie bila kusimama. "Unawajulisha tu uko wapi, wasishtuke ukitokea. Na usikatize."

Lonnie akamfuata, kofia mkononi, akiimba kwa sauti ya chini. Wakazunguka, wakazunguka tena. Mvua ikaanza, radi ikapiga. Maksai wakatikisa masikio, wakabaki pale pale. Mabehewa yalipofika, walipanda mmoja mmoja.

Nikabeba sanduku langu kuelekea kwenye lori letu. Baba si mtu wa maneno mawili. Nilikuwa nalia, wala sikujificha.

Baba akaninyang'anya sanduku. Akalipita lori letu, akalifunga sanduku juu ya gari la Lonnie kwa mafundo mawili.

"Lakini baba, si kauboi."

"Sijapata kuona mtu aliye mbali na ukauboi kama huyu. Lakini amesema kweli mbele ya watu, akaomba kufundishwa." Akamgeukia Lonnie. "Kijana, ukija kumdanganya binti yangu, nitakufuata huko huko redioni."

"Sawa, mzee."

Hakuniaga. Alirudi zake zizini, mikono mifukoni. Gari lilipoanza kuondoka nilimsikia akiimba tena, polepole, bila kukatiza, na zizi lilikuwa tupu.